Sura ya Sita: Barabara za Kijivu

Kuelekea mwisho wa mwaka 2023 barabara za Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, zilibadilika rangi. Lami haikuguswa wala greda halikupita. Zilibadilika ndani ya simu. Barabara ya Nyerere, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Pugu Road, ilikuwa imezoeleka kwenye Google Maps kama mstari mnene wa manjano unaotoka mjini, unapita uwanja wa ndege, Banana na Ukonga, kisha unaelekea Pugu. Sasa ikawa ya kijivu. Vichochoro vilivyokuwa vyeupe navyo vikawa vya kijivu, juu ya ardhi iliyopauka karibu kufanana navyo. Maji yakaingiwa na ukijani, na kijani cha misitu, wa Pugu ukiwemo, kikapoa. Mabadiliko hayo yalikuwa ya dunia nzima, yakaingia simu moja baada ya nyingine bila wenye simu kuulizwa.

Anayetazama ramani ofisini, chini ya feni, atazoea baada ya wiki. Dereva wa bodaboda yuko mahali pengine kabisa. Simu yake imefungwa kwenye usukani, kioo kina ufa, mwanga ameupunguza ili chaji imfikishe jioni, na jua la saa saba mchana linapiga juu ya yote hayo. Nyuma yake kuna abiria, mbele yake kuna daladala linalosimama popote. Jicho lake lina nafasi ya kutupwa kwenye kioo mara moja tu, na katika mtupo huo mmoja ile manjano ilikuwa ikimweleza barabara kubwa iko upande gani kabla hajasoma neno. Kijivu juu ya kijivu hakimwelezi kitu. Inabidi asimame, aikinge simu kwa kiganja, asogeze uso. Hapo ndipo abiria anapoanza kunung'unika kwamba dereva hajui njia.

Walionung'unika ni wengi, na baadhi yao wanaijua kazi yenyewe. Elizabeth Laraki, mbunifu aliyekuwa katika timu ya Google Maps mwaka 2007, aliandika hadharani mwezi Novemba 2023 kwamba ramani mpya imekuwa ya baridi zaidi, imepungua usahihi na imepoteza utu. Hakuishia kwenye rangi. Alionyesha jinsi kioo cha simu kilivyojazwa vitufe na vibandiko vinavyoifunika ramani yenyewe, vikafika zaidi ya kumi, akataka vingi viondolewe ili watu waone kile walichokijia. Kwa simu ndogo za bei nafuu, ambazo ndizo nyingi zaidi mitaani kwetu, hoja hiyo ya pili ni nzito kuliko ile ya rangi: kioo chenyewe ni cha vidole vitatu, nusu yake imekaliwa na matangazo ya mahoteli na migahawa, na kipande kinachobaki ndicho umtafutie mtu nyumba yake.

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa kwamba rangi ni lugha ya njia. Kwa miaka mingi daladala zetu zimebeba mikanda ya rangi ubavuni, kila njia na rangi zake, na hata mtu asiyejua kusoma hupanda gari sahihi kwa kuuona mkanda, kabla maandishi ya G/MBOTO hayajamkaribia. Rangi hizo ziko chini ya mamlaka ya usafiri, zamani SUMATRA na tangu 2019 LATRA. Mwenye daladala hawezi kuamka asubuhi akapaka rangi aipendayo, kwa sababu inaeleweka kwamba mkanda ule, ingawa uko kwenye gari lake, una wenyewe wengine pia: wale wanaousoma wakiwa kituoni. Sijaona sababu kwa nini ramani inayosomwa na mamilioni ya watu ichukuliwe tofauti.

Na haikuwa mara ya kwanza. Google Maps ilizaliwa Februari 2005. Mei 2013, katika mkutano wa wataalamu wa programu huko San Francisco, kampuni ilionyesha sura mpya ya ramani yake ya kompyuta: ramani ikajaza kioo kizima, ile safu ya pembeni yenye orodha ikaondolewa, na vitu vingi vikafichwa nyuma ya alama ambazo ilibidi mtu azikisie. Mwanzoni ilikuwa ya kujaribu kwa hiari. Kuanzia Februari 2014 ikawekwa kwa watu wote taratibu, na mwaka 2015 ile ya zamani ikafungwa kabisa. Malalamiko yaliyofuata yalifanana kila pembe ya dunia. Ramani mpya ilikuwa nzito, ilihitaji kompyuta yenye nguvu. Katika toleo la majaribio hukuweza hata kupanga safari yenye vituo kadhaa kama ulivyozoea. Kampuni ililazimika kutoa toleo jepesi kwa mashine dhaifu. Kwenye intaneti kafe zetu, ambako mashine nyingi zilikuwa za mtumba, toleo jepesi ndilo lililokuwa ramani, na toleo jepesi lilikuwa limenyimwa mengi.

Kitu kimoja kilichopotea wakati ule kinanigusa kuliko vingine, nacho ni herufi. Ramani ya zamani, ukitafuta jina, ilikupa orodha pembeni na vipini vyenye herufi juu ya ramani: A hapa, B pale, C kule. Uliona majibu yote kwa pamoja, ukachagua mwenyewe. Sura mpya ilipenda kukisia unachotaka na kukurusha huko moja kwa moja. Kwa anayetafuta mnara wa Eiffel hiyo ni huduma nzuri. Lakini chukua njia yetu ya Pugu. Ukitoka Banana unaelekea Gongo la Mboto kuna kituo kinaitwa Mombasa. Kila mtu wa Ukonga anakijua, konda akiita "Mombasa washukaji!" hakuna anayeshika pasipoti. Ukiingia ndani kutoka Mombasa unafika Moshi Bar. Gongo la Mboto yenyewe kuna chuo kikuu cha Kampala, tawi la Tanzania, na wanafunzi na madereva wanaita mahali hapo Kampala, basi. Mbele zaidi, Pugu, kuna Kigogo Fresh, ambayo haihusiani na ile Kigogo ya karibu na Magomeni. Mwandikie mashine "Mombasa" bila kuongeza kitu, nayo ina kila sababu ya kudhani unataka bandari ya Kenya. Orodha yenye herufi ingekupa nafasi ya kuikatalia. Ramani inayokisia imeamua kwamba mahali penye watu wengi zaidi ndipo palipo pa kweli, na kitongoji kinajikuta kimesukumwa nyuma ya jiji linaloitwa jina lilelile.

Matokeo yake utayasikia ukikaa dakika chache tu na madereva wa kijiweni. Simu inaita.

"Kaka, uko wapi? Mbona naona gari limesimama?"

"Nimefika, dada. Ramani inasema ni hapa."

"Hapo ni wapi?"

"Kwenye uwanja, kuna vijana wanacheza mpira."

"Siyo hapo. Rudi kwa mangi, ukate kulia, ukiona geti la bluu uliza kwa mama Salma."

Dereva anafunga ramani, anamuuliza mangi, na safari inaendelea kwa kuulizana, kama zilivyoendelea safari zote za Uswahilini kabla simu hazijaja. Wapo wanaoyachukua mazungumzo hayo kama ushahidi kwamba sisi si watu wa ramani. Nakataa. Yule dada ana ramani kamili kichwani, yenye alama, mwelekeo na hata majina ya mashahidi. Tatizo ni kwamba ile ya kwenye simu imejifunza vitu vichache mno kutoka kwake.

Wabunifu wana utetezi wao, na ni haki kuusikia. Watu huchukia kila kipya kwa mwezi mmoja kisha hukipenda. Ramani iliyoanza kama picha ya barabara sasa inabeba foleni, mabasi, saa za kufungua maduka na picha za mitaani, na lazima mahali papatikane pa kuweka vyote. Barabara zikipauka, mstari wa safari yako na rangi za foleni huonekana vizuri zaidi juu yake. Hoja hii ya mwisho ina ukweli Posta na Masaki, ambako foleni inapimwa dakika kwa dakika kutokana na wingi wa simu barabarani. Katika vichochoro vya Guluka Kwalala simu za kupimia foleni ni chache, kwa hiyo rangi zilizopisha nafasi zimepisha kitu ambacho hakijaja.

Kisha kuna gharama ambayo wabunifu hawaioni kwa sababu hailipwi kwao. Mama anayepika keki Majohe na kuziuza kwa WhatsApp hakujifunza ramani kwa kusoma maelekezo. Kijana wake alimshika mkono: "Mama, bonyeza hapa, halafu hapa, halafu mtumie mteja." Mama akakariri mahali pa kidole, akaandika hata kwenye daftari lake la hesabu. Biashara ikakaa juu ya elimu hiyo. Kitufe kikihama, daftari linakuwa uongo, kijana yuko kazini Mwanza, na keki ya harusi ya saa tisa ina mteja anayeuliza nyumba iko wapi. Bando analoliunguza akitafuta kitufe analilipa yeye. Anayejifunza kwa kusoma hupata hasara ndogo kitu kinapobadilika, maana atasoma tena. Aliyejifunza kwa kushikwa mkono hurudi mwanzo, na huko pembezoni mwa jiji tulio wengi tulifundishwa kwa kushikwa mkono.

Mahali pa kidole si jambo dogo. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha ya kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto yalilipuka. Mabomu yaliruka na kuangukia nyumba za watu. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia walijeruhiwa, uwanja wa ndege ulifungwa, na maelfu ya wakazi walikimbia gizani kwa miguu, wengi wakaishia Uwanja wa Uhuru. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Miaka miwili kasoro kabla ya hapo, Aprili 2009, Mbagala ilikuwa imepitia balaa lilelile. Mwaka ule wa 2011 wachache walikuwa na simu zenye ramani. Watu walikimbilia barabara waliyoijua. Leo wengi wanazo, na usiku wa namna ile ukitokea popote, mkono unaotetemeka utabonyeza pale ulipozoea kubonyeza. Kampuni inayoshika chombo ambacho watu watakitegemea katika saa hiyo inapaswa kukihamisha kitufe kwa woga, na kwa sababu nzito.

Lakini malalamiko ya rangi na vitufe ni tabaka la juu. Chini yake kuna swali la nani alizijaza ramani hizi majina, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwaka 2008 Google ilianzisha chombo kilichoitwa Map Maker, kwa ajili ya nchi ambazo hazikuwa na ramani za kidijitali za kununua. Ulifungua picha ya satelaiti ya mtaa wako, ukachora barabara kwa mkono, ukaandika jina la shule, msikiti, kanisa, zahanati, kituo cha daladala. Mwenzako alihakiki. Kidogo kidogo, sehemu kubwa ya Afrika iliyokuwa weupe mtupu kwenye ramani ikapata mishipa. Watu walifanya kazi hiyo bila malipo, usiku, kwa bando lao, kwa furaha ya kuona mahali pao panatajwa. Mwezi Aprili 2015 mchezo wa kihuni ukaonekana: karibu na Rawalpindi, Pakistani, mtu alikuwa amechora kikaragosi cha Android kikikojolea nembo ya Apple, na uhakiki ukakipitisha. Mei mwaka huo chombo kikasimamishwa kwa muda, kikafunguliwa nchi kwa nchi, na tarehe 31 Machi 2017 kikafungwa moja kwa moja. Michango ikahamishiwa ndani ya Google Maps, ambako unaweza kupendekeza, ukasubiri. Kalamu ilirudishwa kwa mwenye duka. Michoro ya watu ilibaki dukani.

Mwaka uliofuata pigo likawaangukia vijana wanaotengeneza programu. Mpaka hapo, mtu aliweza kuweka ramani ya Google kwenye tovuti yake na ikafunguliwa mara 25,000 kwa siku bila kulipa. Kuanzia Julai 2018 kiasi cha bure kikashuka hadi karibu mara 28,000 kwa mwezi mzima, bei ya kila mara elfu moja zaidi ya hapo ikapanda kutoka nusu dola hadi dola saba, na kila mtumiaji akatakiwa kuweka kadi ya benki, hata yule asiyefikia kiwango cha kulipa. Kwa kijana wa Ukonga mwenye laini ya simu ya kupokelea pesa lakini asiye na kadi inayokubalika ng'ambo, mlango ulifungwa kabla ya kufika kwenye bei.

Sasa linganisha na yaliyolipata jina jingine katika ramani za simu. Maps.me ilianza kama MapsWithMe, kazi ya wahandisi wachache wenye asili ya Belarus, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba unapakua nchi nzima mara moja, kisha unatembea bila intaneti kabisa. Kwa watu wanaonunua bando la siku, hiyo ni tofauti kati ya kuwa na ramani na kutokuwa nayo. Kampuni ya Kirusi ya Mail.ru iliinunua mwaka 2014, na mwaka 2015 programu yenyewe ikafanywa huria: yeyote angeweza kuusoma mtambo wake na kuunakili. Novemba 2020 ikauzwa tena, wamiliki wapya wakatoa sura mpya kabisa, na watumiaji wa siku nyingi wakakasirika, kwa sababu vitu walivyovipenda havikuwepo na vingine visivyoombwa viliongezwa. Mpaka hapo hadithi ni ileile ya Google. Kilichofuata ni tofauti. Baadhi ya waanzilishi walichukua mtambo ule wa zamani, uliokuwa wazi, wakaondoa matangazo na vipelelezi vilivyomo, wakauendeleza kwa jina jipya, na mwaka 2021 Organic Maps ikatoka. Walioichukia sura mpya walikuwa na mahali pa kwenda wakiwa na ramani yao ileile. Na mwaka 2025 baadhi ya wachangiaji wa Organic Maps, wasioridhika na uongozi wake, nao wakajitenga kwa njia hiyohiyo wakaanzisha CoMaps. Watu wataendelea kugombana juu ya sura ya ramani. Hilo silioni kama ugonjwa. Ninachokitazama ni kama aliyeshindwa kwenye ugomvi anatoka na kitu mkononi.

Organic Maps haichori barabara yenyewe. Inazichukua kutoka OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, inayochorwa na watu wa kujitolea na isiyouzwa. Dar es Salaam ina nafasi ya heshima katika historia ya ramani hiyo. Agosti 2011 wanafunzi na wakazi walitembea Tandale na vifaa vya GPS mkononi, wakaweka kwenye ramani njia, vyoo vya jumuiya, mifereji na maduka ya mtaa ambao kwenye ramani rasmi ulionekana kama doa. Desemba ya mwaka huo mvua kubwa ikaua watu wapatao 40 jijini na kuwaacha maelfu bila makazi. Familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Ikadhihirika kwamba kujua mfereji uko wapi na nyumba ngapi ziko kando yake ni suala la uhai. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliowakutanisha Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Msalaba Mwekundu, Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi kwa mamia, wakiongozwa na wajumbe na wenyeviti wa mitaa, walipita kata kwa kata katika maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu. Wazee waliulizwa maji yalifika wapi ukutani. Agosti 2018 wataalamu wa ramani huria kutoka duniani kote walifanya mkutano wao mkuu hapa Dar, jambo ambalo lilistahili kelele kubwa zaidi kuliko lilizopata.

Gongo la Mboto inaingia katika habari hii kwa njia ya maji. Mto Msimbazi, ule unaozamisha Jangwani, huanzia milima ya Pugu na kupita kwetu kwanza. Mvua zimewahi kusomba madaraja ya Ulongoni, na daraja likisombwa mtaa hukatika vipande viwili: watoto huku, shule kule. Ramani inayoendelea kuonyesha kivuko kilichokwisha kusombwa inampeleka dereva wa bajaji kwenye korongo, na usiku korongo halionekani. Wa kwanza kujua kwamba njia imekatika ni anayeishi hapo. Swali la kuuliza juu ya ramani yoyote ni itachukua muda gani, na ruhusa za wangapi, mpaka ujuzi wa mtu huyo uingie ndani yake.

Na ardhi ya upande huu haitulii. Jiji lilikuwa na watu milioni 4.36 katika Sensa ya 2012, likafika milioni 5.38 mwaka 2022, na sehemu kubwa ya ongezeko imeangukia pembezoni, kwenye viwanja vya Majohe, Chanika, Kivule na Msongola. Awamu ya tatu ya mwendokasi, kilometa kama 23 kutoka katikati ya jiji hadi Gongo la Mboto, imeichimbua Barabara ya Nyerere, ikahamisha vituo na kufunga sehemu za kugeuzia magari. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, imepita na uzio wake. Pale ulipokuwa unavuka reli ya zamani kwa miguu sasa unatafuta kivuko cha chini. Ramani inayopima umbali kwa jicho la ndege itakwambia duka liko mita mia mbili. Mguu wako utakwambia jingine. Kabla ya Sensa ya 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ikapata majina kwenye nguzo, mageti yakapata namba, na mfumo wa NaPA ukaundwa wa kuhifadhi hayo yote. Ni kazi kubwa na nzuri, ila jina la kwenye nguzo mara nyingi silo jina la mdomoni. Mtu bado anasema Moshi Bar.

Hapo ndipo ninapoona mahali pa kuanzia, na hapahitaji kusubiri kampuni yoyote ibadilishe rangi zake. Ofisi za serikali za mitaa zina mwenyekiti na mtendaji wanaojua kila njia. Shule za sekondari zina walimu wa jiografia wanaofundisha usomaji wa ramani kwa vipande vya karatasi vya miji isiyojulikana, wakati mtaa wenyewe uko nje ya dirisha. Vijiwe vya bodaboda vina vijana wanaopita vichochoro vyote kila siku. Mwalimu mmoja, wanafunzi wachache na dereva mmoja wanatosha kwa kata. Unafungua akaunti ya OpenStreetMap bila malipo. Njia iliyokatika Ulongoni unaiandika imekatika. Kivuko kipya cha chini ya reli unakichora. Kituo cha Mombasa unakiandika Mombasa, na kama nguzo ya barabarani ina jina jingine, ramani hiyo ina nafasi ya kuyabeba yote mawili, rasmi na la mdomoni. Marekebisho huonekana kwenye ramani kuu ndani ya dakika chache. Kwa wanaotumia programu zisizohitaji intaneti huonekana wanapopakua toleo linalofuata, na upakuaji huo unaweza kufanywa mara moja penye Wi-Fi, kisha faili likarushwa simu kwa simu kijiweni.

Anayechukia rangi anaweza kuzibadilisha pia, maana ramani hiyo ina mavazi mengi yaliyoshonwa na watu mbalimbali juu ya mwili uleule. Lipo linalopendelea baiskeli, lipo la misaada ya dharura, na katika yale ya kawaida barabara kuu zina rangi zake na njia ndogo zake, zinaonekana hata simu ikiwa juani kwenye usukani.